Unarekodi Ngoma kwa Keja ya Mathe na Kila Dakika Unaitwa? Soma Hii Kabla Uanze Kufokea Watu

Ilikuwa teki ya 14. Zile 13 za kwanza zilikuwa zimeenda na maji. Moja nduthi ilipita, ingine jirani alianza kugonga msumari, ingine sauti ilinikatikia. Lakini hii ya 14, maze, ilikuwa imeiva. Nilikuwa nimebakisha mistari miwili nimalize vasi ya pili. Alafu nikaskia kutoka sitting room:

"We kijana! Kuja hapa!"

Nikanyamaza. Nikasema labda atasahau.

"Si nakuita?"

Nikatoa hedifoni nikaenda. Mathe alikuwa amekaa kwa kochi, miguu juu ya stuli. Rimoti ilikuwa kwa meza, hatua mbili kutoka hapo alikuwa.

"Nipatie hiyo rimoti."

Kama umelelewa Kenya hii stori unaijua, na pengine umeshaicheka mara mia. Mimi siku hiyo sikucheka. Nilimpea rimoti alafu nikafungua mdomo: "Mum, kwani huoni niko kazi?" Nikigeuka, brathe yangu mdogo, class two, alikuwa amesimama kwa mlango na kitabu yake ya kuchora, anataka kunionyesha gari amechora. Nikamwambia atoke.

Mathe hakunijibu kwa hasira. Aliuliza tu polepole, "Kazi gani?"

Hiyo swali ilinipiga kuliko kofi. Juu ukweli ni kwamba niliacha college mwaka wa pili karo ilipokataa, nikarudi nyumbani Eastlands, rum mbili, watu wanne. Hizi ngoma zangu bado hazijalipa hata token ya stima. Kwa mathe, mimi ni kijana ameshinda kwa nyumba akiongea peke yake.

Sasa skia kitu ilifuata. Nyumba ilinyamaza. Mathe akawa anaangalia TV bila sauti. Sufuria zikawa zinawekwa chini kama mayai. Brathe hakukanyaga tena hiyo rum. Siku tatu nilikuwa na kile kimya nimekuwa nikilia nacho miaka yote, na sikurekodi kitu. Kila nikifungua mdomo nilikuwa nafikiria uso wa huyo mtoto kwa mlango.

Kwa hivyo kama wewe ni wa kurap, kuchora, kushona, kuandika, kuedit video ama kucheza gita kwa keja ya wazazi, nimekuja na vitu zimenisaidia. Nyingi sikuzisoma mahali. Nilifunzwa na mathe mwenyewe, na hata hakujua ananifunza.

Fundi wa kuitwaitwa ni nani?

Siku ya nne nilienda kukaa na yeye saa ya taarifa ya saa moja. Alikuwa na uzi na sindano ya krosheti, anafuma kitambaa ya kochi. Unajua zile vitambaa nyeupe za maua ziko kwa kila kochi Kenya hii? Mathe hufuma hizo tangu nikiwa mdogo, zingine anauzia watu wa chama.

Nikaanza kuhesabu. Kwa nusu saa aliitwa mara sita. Maharagwe ilikuwa inaungua. Simu ya aunty. Jirani alitaka chumvi. Brathe alikuwa na homework ya hesabu. Maharagwe tena. Alafu mtu wa maji.

Kila mara alifanya kitu moja. Alimaliza ile kitanzi alikuwa nayo mkononi, akachomeka pini hapo ndio uzi isifumuke, akasimama. Akirudi, anagusa pini na kidole, anaitoa, anaendelea. Hakuna kusonya, hakuna "nilikuwa wapi?"

Nikamuuliza, "Mum, huwa hukasiriki ukiitwa hivyo?"

Akasema, "Nikasirikie nani? Ningengoja hii nyumba inyamaze ndio nifume, hizi viti zingekuwa uchi mpaka leo."

Hapo nikashtuka. Nimekaa miaka nikidhani mathe ndiye anasumbua msanii, kumbe msanii wa kwanza kusumbuliwa hapa nyumbani alikuwa yeye. Na wa kumsumbua nilikuwa mimi.

Kwa nini kuitwa kunauma hivyo?

Kabla ya mbinu, jua kwanza shida iko wapi, juu si kelele peke yake. Mtafiti anaitwa Sophie Leroy aliandika mwaka wa 2009 kuhusu kitu tunaweza kuita mabaki ya akili. Ukiruka kutoka kazi moja hadi ingine kabla umalize ya kwanza, kipande ya akili yako inabaki huko nyuma. Mwili uko dukani unanunua unga, lakini kichwa bado inatafuta neno la kuraimu na "mtaani." Ndio maana unarudi na nyanya na uliambiwa vitunguu.

Mwaka wa 2018 yeye na mwenzake Theresa Glomb wakaonyesha dawa: kabla uache kazi, chukua muda kidogo tu uandike umefika wapi na ukirudi utaanza na nini. Akili ikishajua kazi imewekwa mahali salama, inaachilia, na ile kitu ingine unaenda kufanya unaifanya vizuri.

Yaani pini. Mathe alikuwa na hiyo jibu bila kukanyaga chuo.

Sasa twende kwa mbinu zenyewe.

1. Jua ratiba ya kelele ya keja yenu

Kila nyumba iko na ratiba, hata kama haijaandikwa. Chukua wiki moja uichunguze. Kwetu iko hivi: saa kumi na moja asubuhi hadi saa kumi na mbili ni maji na chai na "viatu yangu iko wapi." Saa tatu hadi saa sita watoto wako shule, lakini hapo ndio yule msee wa vyuma kuukuu anapita akiita. Saa nane mchana jua inachoma na mtaa unalala. Hiyo ndio dhahabu yangu. Jioni sahau kabisa. Ijumaa kuna kesha na spika ya kanisa, usijaribu.

Ukishajua, acha kupigana na saa mbaya. Toni Morrison, yule mwandishi Mmarekani alishinda Nobel mwaka wa 1993, alikuwa anafanya kazi ya uhariri na kulea vijana wawili peke yake. Alizoea kuandika alfajiri, kabla watoto waamke. Hakungoja wakue. Alitafuta shimo kwa ratiba akaingia hapo.

2. Gawa kazi: ya kimya na ya kelele

Hapa ndio wengi tunapotea. Tunadhani kila kitu ya sanaa inahitaji kimya. Zi. Kwa muziki, kitu inahitaji kimya kabisa ni kurekodi sauti tu. Kutengeneza biti unavaa hedifoni. Kuandika mistari unaandika hata ukingoja maji ijae kwa mtungi. Kuchagua teki nzuri, kupanga faili na kutafuta picha ya kava hata mtoto akiwa kwa mgongo inafanyika.

Nilipohesabu kazi ya ngoma moja niligundua kurekodi sauti ni kipande ndogo sana ya hiyo safari yote. Kumbe nilikuwa naitisha nyumba nzima ikae kimya mchana kutwa kwa kazi ya dakika 40. Wewe pia hesabu yako. Ukishona, kukata kitambaa ndio kunahitaji utulivu, kutoa nyuzi hapana. Ukiandika stori, rasimu ya kwanza inahitaji kichwa safi, lakini kusahihisha herufi unafanya hata kwa matatu.

3. Punguza saizi ya kipande

Mathe akiitwa anapoteza kitanzi moja. Mimi nikiitwa nilikuwa napoteza vasi nzima, juu nilikuwa nataka kurekodi kutoka juu hadi chini bila kupumua. Sasa narekodi mistari minne minne. Nikiitwa katikati, nimepoteza minne tu, si 16. Programu za kurekodi karibu zote zinakubali hii, hata za bure kama Audacity kwa kompyuta ama BandLab kwa simu. Na wasanii wakubwa hufanya hivyo pia, wanarekodi vipande alafu wanaunganisha zile tamu.

4. Chomeka pini

Hii ndio ya maana kuliko zote. Ukiskia jina lako, usiruke na usijifanye kiziwi. Jibu kwanza: "Nakuja mum!" Ukinyamaza ataita tena, na mara ya pili sauti itakuwa na hasira. Ukishajibu, uko na sekunde kama kumi. Bonyeza sevu. Alafu andika mstari mmoja kwa karatasi: "Vasi 2, mstari wa 13, anza na sauti ya chini." Basi. Enda sasa ukiwa umeenda kweli. Mpatie rimoti ukimwangalia kwa macho.

Karatasi yangu imebandikwa kwa ukuta na kalamu inaning'inia na uzi. Usiandike kwa simu, juu ukishika simu utaona WhatsApp, na hapo si mathe tena anakusumbua.

5. Lipa kwanza, alafu omba

Skiza, huwezi kuomba kimya kwa nyumba hujaosha hata kikombe. Mimi sasa asubuhi nachota maji, naosha vyombo, nanunua mboga mapema. Zile "kuja" nyingi za saa nane zilikuwa kazi nilikuwa nimeruka asubuhi. Nikizimaliza mapema, mathe hana sababu ya kuniita.

Alafu unapoomba, omba kitu iko na mwisho. "Msinisumbue leo" haina mwisho, na inaskika kama unawafukuza kwa nyumba yao. Jaribu hivi: "Mum, naomba dakika 40, kutoka saa nane hadi saa nane na dakika 40. Nikimaliza nakuja kuchambua mboga." Na saa ikifika, toka, hata kama ngoma haijaisha. Ukivunja hiyo ahadi mara mbili, hiyo dili imekufa.

Pia waskizishe ile kitu unafanya. Mathe hakuwahi kuskia ngoma yangu hata moja. Alikuwa anaskia kelele kupitia mlango, mtu akirudia sentensi moja mara 14. Hata wewe ungeuliza kazi gani. Nilimvisha hedifoni Jumapili moja nikamchezea ile ngoma vile ilikuwa imefika. Hakusema ni kali. Alisema, "Hapo kwa mwisho unaongea mbio, sijaskia." Na alikuwa right.

6. Mtoto mpe cheo

Mtoto mdogo ukimfukuza anarudi. Ukimpa kazi, anakulindia mlango. Nilienda kwa brathe nikamwambia pole. Nikamuuliza kuhusu ile gari alikuwa amechora. Ilikuwa mathree, na dere alikuwa mimi. Sitasema vile nilijiskia.

Sasa yeye ndiye prodyusa msaidizi. Tumekubaliana: leso nyekundu ikiwa kwa mlango tunarekodi, ikitolewa anaingia bila kubisha. Wikendi, akiwa nyumbani, anaangalia saa ananiambia dakika zikiisha. Jukumu yake anaifanya kwa ukali mpaka siku moja alimzuia mathe. Hiyo ilibidi nitetee.

7. Mambo ya stima

Kuna hii vita ya "hiyo komputa yako ndio inamaliza token." Usibishane, piga hesabu. Laptopu ya wati 60 ikiwaka masaa manne inakula yuniti 0.24. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa tu inakula yuniti 0.5. Yaani kupiga pasi nusu saa kunashinda masaa manane ya laptopu. Angalia wati zilizoandikwa kwa chaja yako, zidisha na masaa, gawanya na 1,000, umepata yuniti. Lakini usiende kumwonyesha mathe hii hesabu ukiwa na kiburi. Enda na yuniti kadhaa umenunua na pesa yako, hata za soo moja. Heshima inaongezeka.

8. Panga maiki kabla ulaumu watu

Kelele zingine nilikuwa nalaumu familia na shida ilikuwa vile nimepanga vitu. Nilikuwa nimebandika trei za mayai kwa ukuta nikidhani zinazuia sauti. Hazizuii. Trei ni karatasi nyepesi, mathe ataskika tu, na moto ikishika hapo ni noma. Hata blanketi haizuii kelele ya nje kuingia. Kazi yake ni kumeza mwangwi wa ndani, na hiyo kwa sauti inasaidia sana.

Fanya hivi. Maiki nyingi za kuimbia zinaskia mbele na hazisikii sana nyuma. Kwa hivyo mgongo wa maiki uangalie mlango, yaani wewe unaimba ukiangalia mlango. Nyuma yako ning'iniza blanketi zito ama simama mbele ya kabati imefunguliwa, imejaa nguo. Alafu sogea karibu. Ukitoka sentimita 30 ukaja 15 kutoka kwa maiki, sauti yako inapanda kama desibeli 6 na kelele ya nyumba inabaki vile ilikuwa. Ukifika karibu hivyo, herufi P na B zitakuwa zinapulizia maiki, kwa hivyo igeuze kidogo pembeni.

Kabla uanze kuimba, rekodi sekunde tano za kimya cha hiyo rum. Programu kama Audacity inaweza kutumia hiyo kimya kutoa mlio wa friji ama feni kwa rekodi. Haitatoa "We kijana!" Hiyo ni ya kurekodi tena. Na mvua ikianza kupiga mabati, funga duka uende ukakunywe chai.

9. Kelele zingine ziache ziingie

Albamu ya kwanza ya Billie Eilish, ile ya mwaka wa 2019, yeye na brathe yake Finneas waliirekodi kwa bedroom ya Finneas, kwa nyumba ya wazazi wao Los Angeles. Mapema mwaka wa 2020 ikashinda Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka. Na kwa hiyo albamu kuna sauti za maisha ya kawaida: kwa ngoma ya Bad Guy waliweka mlio wa taa za kuvukia barabara kutoka Sydney, na kwa Bury a Friend kuna mashine ya daktari wa meno.

Sisemi kwenu ni Los Angeles. Nasema kelele ya nyumba yenu hakuna mtu mwingine ako nayo. Mwiko ukigonga sufuria ya ugali ni ngoma. Brathe akihesabu meza ya mbili ni intro. Mimi nilirudi nikaskiza ile teki ya 14 iliharibika. Iko na mistari yangu, kimya kidogo, alafu kwa umbali, "We kijana! Kuja hapa!" Nikaiacha vile iko. Biti inaingia hapo hapo.

Kuna kuitwa hakuna dili

Nimalizie na hii. Si kila mtu anakuita ni wa kuwekewa ratiba. Shosh akiwa mgonjwa, mtoto akilia kilio tofauti, mathe akiita jina lako kamili na sauti imeshuka, toka mbio hata bila kusevu. Mistari utaandika ingine.

Na kama nyumbani kwenu shida si rimoti bali ni watu wa kukucheka, ama wa kuharibu vitu zako makusudi, hii mbinu ya pini haitatosha. Tafuta saa chache nje: maktaba, rum ya beshte, ukumbi wa vijana mtaani. Hiyo si kutoroka familia. Ni kulinda kitu yako mpaka ikue.

Lakini kwa wengi wetu shida ni ndogo kuliko hiyo. Ni watu wanatupenda kwa nyumba ndogo, na hakuna mtu aliwahi kuwaeleza tunafanya nini huko ndani. Mathe aliskiza hiyo ngoma juzi na ile sauti yake ikiwa ndani. Akatoa hedifoni akauliza, "Huyo ni mimi?" Nikasema ndio. Akanyamaza, akachukua uzi yake, akafuma kama mistari miwili hivi. Alafu akauliza, "Sasa mimi nitalipwa ngapi?"

Wacha niishie hapo. Ananiita, na pini nishachomeka.